Mtandao Unaokatika Kichwani

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata niwasimulie juu ya mtandao ambao hakuna mhandisi aliyeujenga: ubongo. Swali langu ni hili: tulijuaje kwamba ugonjwa wa Alzheimer hukata mawasiliano ndani yake?

Mnamo Novemba 1901, mama wa miaka 51, Auguste Deter, alilazwa hospitalini Frankfurt, Ujerumani, akiwa amepoteza kumbukumbu. Daktari Alois Alzheimer alimhoji na kuandika majibu yake, lakini hakuwa na njia ya kuchungulia kichwa cha mtu aliye hai. Auguste alifariki 1906, na ndipo daktari alipouona ubongo wake kwa hadubini: mabonge kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Kwa miongo mingi iliyofuata, kupata uhakika kulimaanisha kungoja mgonjwa afe.

Mashine zilikuja moja moja. Miaka ya 1970 ilileta PET, ambayo hufuatilia sukari yenye mionzi hafifu ili kuonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi. MRI ilipiga mwili wa binadamu picha mwaka 1977. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba MRI inaweza kutambua mabadiliko ya oksijeni kwenye damu ya ubongo. Mwaka 1994 Peter Basser na wenzake walieleza namna ya kupima maji yanavyosambaa kufuata nyuzi za neva.

Ukiwahi kusimamia mtandao wa ofisi utaelewa haraka. Mambo yakikwama unauliza: Je, nyaya ni nzima? Data inapita? Seva zenyewe zina afya? Mbinu ya Basser huangalia nyaya, ya Ogawa huangalia data inayopita, na PET huangalia seva. Jibu moja peke yake halitoshi.

Mwaka 1995 Bharat Biswal, akiwa bado mwanafunzi Marekani, aliwapima watu waliolala kwenye mashine bila kufanya lolote. Akakuta kwamba sehemu za kushoto na kulia zinazoongoza mikono zilipanda na kushuka pamoja. Wengi walidhani ni kelele tu za mapigo ya moyo na pumzi. Siwalaumu. Mimi mwenyewe nimewahi kufuta logi za seva nikiziona takataka, kumbe tatizo lilikuwa humo humo!

Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake walieleza juu ya sehemu za ubongo ambazo huchangamka mtu anapopumzika. Mwaka 2004 Michael Greicius na wenzake wakaonyesha kwamba mtandao huo hudhoofika kwa wagonjwa wa Alzheimer. Mwaka huo huo watafiti wa Pittsburgh na Uppsala walichapisha picha za PET wakitumia kemikali inayonata kwenye amiloidi, protini ya yale mabonge ya 1906. Safari hii wagonjwa walikuwa hai.

Kisha, mwaka 2005, Randy Buckner na wenzake walikusanya data za watu 764 kutoka mbinu tano za picha, wakazilinganisha. Amiloidi, upungufu wa matumizi ya sukari na kusinyaa kwa ubongo vilielekea kuangukia sehemu zile zile zinazochangamka wakati wa mapumziko. Hakuna mashine moja ambayo ingeonyesha hayo peke yake.

Lakini tusishangilie mapema. Vitu kukutana mahali pamoja si ushahidi kwamba kimoja kimesababisha kingine. Mgonjwa akitikisa kichwa kidogo, vipimo vya mawasiliano huharibika. Mishipa ya damu ya mzee nayo hupotosha ishara ya oksijeni. Kila mbinu hudanganya kwa namna yake, na ndiyo sababu zinahitajiana.

Picha peke yake haijamponya mtu. Hata hivyo, naiona ina kazi hapa kwetu, ambako mzee akisahau tunasema ni uzee tu, na mahali pengine anaitwa mchawi. Nyanya anayeuliza swali lile lile mara tano hakusudii kukusumbua. Ujumbe aliutuma, ila njia imekatika. Mjibu mara ya sita.