Simba atazame wapi? Historia ya alama za mwili kwenye mwambao wetu wa Tanganyika

Nyamianda, Uvira – Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mtoto wa dada yangu kwa kijana mmoja anayechora tatuu hapa kwetu Nyamianda, katika chumba kidogo nyuma ya saluni ya kunyolea. Mpwa wangu alikuwa na picha ya simba kwenye simu. Bei walikuwa wamekwisha kupatana. Mchoraji akamwuliza swali moja tu: "Unamtaka mahali gani, na atazame wapi?"

Mpwa wangu akanyamaza. Mnyama alikuwa amemfikiria kwa miezi mitatu. Mahali na uelekeo hakuwa amevifikiria hata dakika moja.

Kwenye benchi aliketi mzee mmoja wa kartie yetu, akingoja zamu yake ya kunyolewa. Alifungua vifungo viwili vya shati, akatuonyesha kifuani vistari vidogo vya chale, vimefifia, karibu vilingane na makunyanzi ya ngozi. Akasema: "Hata mimi walinichanja simba, mjukuu. Lakini mimi sikuulizwa atazame wapi."

Siku ile hapakuchorwa kitu. Tulirudi nyumbani, na mimi nikaanza kutafuta historia ya jambo hili. Nawaletea, ndugu wasomaji, niliyoyapata, kwa sababu vijana wanaotaka simba, chui, tai au mamba mkononi ni wengi sasa, na swali la mchoraji yule ni la zamani kuliko mashine yake.

Nembo ilianzia kwenye ngozi

Tuanze na neno lenyewe. Leo tukisema "nembo" tunafikiri juu ya muhuri wa ofisi, jezi ya timu au karatasi ya serikali. Lakini kamusi za Kiswahili zinakumbuka maana nyingine: nembo ni alama inayochanjwa mwilini, hasa usoni, kuonyesha mtu ni wa kabila gani. Alama ilitoka kwenye ngozi ikaenda kwenye karatasi.

Na hata ilipofika kwenye karatasi, kanuni yake haikubadilika: haitoshi kutaja mnyama, lazima useme kila kitu kikae wapi. Angalieni Katiba ya nchi yetu iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha kwanza kinaeleza nembo ya taifa: kichwa cha chui, upande wa kushoto ncha ya pembe ya ndovu, upande wa kulia mkuki, na vyote vimekaa juu ya jiwe. Watunga sheria hawakuandika tu "chui" wakaacha mchoraji aamue. Waliandika kushoto na kulia. Kama taifa zima linapanga hivyo kwa karatasi, mtu mmoja ana haki ya kupanga vizuri zaidi kwa ngozi yake, ambayo haifutiki.

Mstari wa Watabwa

Tukishuka na ziwa hili hili kwenda kusini, tunapita Fizi, tunapita Kalemie, tunafika kwenye milima ya Marungu na Moba. Huko ni kwa Watabwa. Wazee wao waliijaza miili chale: uso, kifua, mgongo, mikono. Mtafiti Mmarekani Allen Roberts aliishi kati yao miaka ya 1970, na mwaka 1985 yeye na mwenzake walitoa kitabu kikubwa juu ya sanaa ya Watabwa. Jina la kitabu hicho linatokana na pambo lao moja, balamwezi, maana yake kuchomoza kwa mwezi mpya. Ni safu za pembetatu, moja baada ya nyingine.

Kilichonishika mimi zaidi ni mulalambo. Ni mstari wa katikati ya mwili, unaougawa mwili sehemu mbili, kulia na kushoto. Jina hilo hilo linatajwa kwa mgongo wa mlima unaogawa maji, haya yakienda huku na yale kule, na tena kwa ule mkanda mweupe wa nyota angani. Kwa hiyo aliyechanjwa alama kuufuata mstari ule hakupambwa tu. Mwili wake ulilinganishwa na nchi na mbingu. Alama ingesogezwa vidole viwili pembeni, ingekuwa pambo zuri, lakini isingekuwa tena na neno la kusema.

Miili hiyo imekwisha kuzikwa. Chale zenyewe tunaziona leo kwenye sanamu za mbao za mababu, kwa sababu wachongaji waliziweka kwenye mbao palepale zilipokuwa kwenye ngozi. Na sanamu nyingi haziko kwetu. Mwezi Desemba 1884 watu wa ofisa Mbelgiji Émile Storms, aliyekuwa na kituo chake Mpala, walimshambulia mtemi Lusinga na kumkata kichwa. Fuvu lake na sanamu ya ukoo wake vilipelekwa Ubelgiji. Sanamu hiyo imekaa katika jumba la makumbusho la Tervuren. Mtoto wa Moba anayetaka kujua babu zake walichanjwa wapi anaangalia picha kutoka Ulaya.

Wanyama wa Wamakonde, fahali wa Misri

Chale za Watabwa zilikuwa zaidi mistari na pembetatu. Tukitafuta wanyama wenyewe, twende mbali kidogo, kwa Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Wao walikata ngozi kwa kisu kidogo, kisha wakasugua ndani unga mweusi wa mkaa uliotokana na mbegu za mbarika. Kati ya michoro yao mlikuwemo mjusi na mamba, pamoja na mistari iliyopinda kama paa la nyumba. Na kila mahali palikuwa na kazi yake. Uso ulisema wewe ni wa watu gani, maana uso huonekana na kila mtu. Tumbo la mwanamke, kuzunguka kitovu, lilihusu ndoa na uzazi, na hilo halikuonyeshwa kwa kila mpita njia. Hata vinyago vyao vya tumbo, ambavyo mchezaji ngoma anavivaa kuigiza mwanamke mwenye mimba, vimechongwa na alama hizo mahali pake.

Na kama kuna anayedhani mnyama mkononi ni mtindo ulioletwa na wanamuziki wa Marekani, asikie hili. Katika jumba la makumbusho la Uingereza huko London kuna maiti ya kijana iliyokaushwa na mchanga wa Gebelein, kusini mwa Misri. Alikufa kati ya mwaka 3351 na 3017 kabla ya Kristo. Kwa miaka mingi watu waliona doa jeusi tu kwenye mkono wake wa juu. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba, kwa kupiga picha kwa mwanga usioonekana kwa macho, doa lile ni wanyama wawili wenye pembe: fahali wa mwituni na kondoo wa mwituni, mmoja amempanda kidogo mwenzake. Waafrika wamebeba wanyama begani kwa zaidi ya miaka 5,000. Na mahali walipochagua ni palepale vijana wa Nyamianda wanapochagua leo: mkono wa juu, panapoonekana ukitaka na kufichika ukitaka.

Mwaka ambao Simba hakuwa na picha

Sasa nirudi kwa mzee wetu wa benchi. Mwezi Aprili 1964 maasi yaliwaka katika bonde la Ruzizi. Mwezi Mei waasi wakaingia Uvira. Mwezi Juni ikaanguka Albertville, ambayo leo ni Kalemie, na tarehe 5 Agosti Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Wapiganaji wale walijulikana kwa jina la mnyama: Simba.

Hakuna aliyewachorea simba. Mganga aliwachanja chale ndogo kifuani na kwenye paji la uso, akasugua dawa ndani, na kuanzia saa hiyo mtu akawa Simba. Akipaza sauti "Mai Mulele!", risasi zilitakiwa kugeuka maji. Chale zilikuwa na masharti yake, na moja liligusa swali letu hasa: vitani Simba asigeuze kichwa. Asitazame nyuma wala pembeni. Atazame mbele tu. Mzee alisema uelekeo wa simba wake haukuwa kwenye ngozi, ulikuwa kwenye shingo.

Che Guevara, aliyevuka ziwa kutoka Kigoma na kukaa upande wa Fizi kuanzia Aprili hadi Novemba 1965, aliandika kwa wasiwasi juu ya dawa hiyo. Aliona kwamba mwenzao akipigwa risasi, walionusurika husema amevunja masharti. Kosa linakuwa la marehemu.

Lakini kuna jambo jingine ambalo mganga hakuwaeleza vijana. Alama iliyowekwa kwenye paji la uso haisomwi na rafiki peke yake. Jeshi la serikali liliporudi Uvira kabla ya mwaka ule kwisha, chale zilezile zilizomfanya mtu kuwa Simba ndizo zilizomtaja. Mzee wetu anasema yeye aliokoka kwa sababu zake za paji hazikukatwa kwa kina, zikapona zikapotea. Za kifuani alizifunika kwa shati kwa miaka. Hakuoga ziwani mbele za watu mpaka alipozaa mtoto wa pili.

Hali hiyo haikuisha mwaka 1964. Katika vita vya baada ya mwaka 1996, Mai-Mai nao walichanjwa, na kijana mwenye chale mbichi kifuani akifika kwenye kizuizi cha barabarani ilimbidi ajieleze, hata kama zilikuwa za kutibu kichomi, maana wengi wetu tulichanjwa utotoni na bibi zetu kwa ugonjwa tu. Sisi wa mwambao huu tunajua kuliko wengi: mwenye ngozi ndiye anayechagua alama, lakini anayemkuta njiani ndiye anayeisoma.

Basi, achague vipi?

Nilimrudia mchoraji, nikamwuliza anavyofanya kazi. Nachanganya hapa maneno yake na historia.

Kwanza, mnyama amtazame nani? Kijana wa mara ya kwanza karibu kila mara anataka simba asimame sawa akiinama kumwangalia mwenyewe. Mkono ukishuka, watu wote wanamwona simba miguu juu. Kawaida ya wachoraji ni kupanga picha mkono ukiwa umening'inia, isimame sawa kwa anayekuja mbele yako. Na kichwa cha mnyama hugeuzwa kuelekea mbele, kule unakokwenda, au kuelekea katikati ya kifua. Akigeuzwa nyuma, anaonekana kama anakukimbia. Nikakumbuka mulalambo wa Watabwa: mwili una katikati, na kila alama inalazimika kuamua inaelekea katikati au inatoka.

Pili, ngozi si karatasi. Mkono wa chini unazunguka ukigeuza kiganja, na uso wa chui uliochorwa mkono umekaa juu ya meza utapinda ukisimama. Kwa hiyo mchoro wa kuiga ubandikwe mtu akiwa wima, amelegeza mikono. Na usihukumu kwa kioo wala kwa kamera ya mbele ya simu, maana mara nyingi hugeuza kulia kuwa kushoto. Mwombe mwenzako akupige picha.

Tatu, ngozi yetu nyeusi huwa inaota makovu yaliyovimba, hasa kifuani na mabegani. Mababu walilitumia hilo kwa kusudi, ndiyo maana chale zao zilishikika kwa kidole. Lakini nywele nyembamba za simba zikivimba hazitakuwa simba tena. Mwenye kovu la namna hiyo mwilini afikirie mara mbili.

Nne, damu. Bibi aliyechanja watoto kumi kwa wembe mmoja hakujua. Sisi tunajua kwamba ukimwi na homa ya ini ya B na C hupita humo. Sindano ifunguliwe mbele ya macho yako, na wino umiminwe kwenye kifuniko kipya. Kama mchoraji anakasirika ukimwuliza, toka.

Tano, swali la mzee: nani atakusoma? Fikiria kizuizi, fikiria anayekuajiri, fikiria mama yako ibadani. Siwaambii mjifiche. Nasema kijana wa Gebelein na mama wa Kimakonde walijua pa kuonyesha na pa kufunika, nasi tusiwe wajinga kuliko wao.

Mpwa wangu alirudi kwa mchoraji Jumatano. Amemweka simba kwenye bega la kulia, juu ya mstari wa mkono wa shati, kichwa kimeelekea mbele. Jioni alipita kwa mzee kumwonyesha. Mzee alivaa miwani, akamkagua yule simba kwa muda mrefu, kisha akamshika kijana kidevu na kukigeuza polepole, kushoto, halafu kulia.

"Huyu wako atazame mbele," alisema. "Wewe tazama pande zote."