Kiroba cha Mawe na Zamu ya Kuchagua

Katika machimbo madogo ya Geita, na vilevile katika yale ya Kahama upande wa Shinyanga, mawe yatolewayo katika duara hugawanywa yangali mawe. Mwenye leseni huchukua viroba vyake, mwenye duara vyake, aliyetoa fedha za chakula na magogo vyake, na wachimbaji vyao. Kila mmoja huondoka bila kujua kwa hakika alichobeba. Dhahabu itajulikana karashani, baada ya mawe kusagwa na unga kuoshwa. Kati ya mgawo na karasha ndipo biashara huingia. Mchimbaji mwenye mgonjwa nyumbani, au mwenye deni dukani, huuza kiroba chake papo hapo kwa bei ndogo lakini ya hakika; mwenye akiba hukinunua, kwa kuwa yeye aweza kungoja. Wote wawili wameponda jiwe moja la kujaribia na kuliosha karaini, wameona rangi ile ile, na bado kila mmoja ana bei yake moyoni.

Shinyanga iliijua hesabu hii kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 1947 Mwadui ilitoa almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Dakta John Williamson, mjuzi wa miamba kutoka Kanada, alimtunuku binti mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Jiwe lile lilipimika: lilikuwa mezani. Lakini Williamson alipofariki Januari 1958, na warithi wake wakauza mgodi mwaka huo huo kwa De Beers na Serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu, kilichouzwa zaidi kilikuwa almasi ambazo hakuna jicho lililokuwa limeziona. Hali kadhalika Bulyanhulu: kampuni ya Barrick iliinunua Sutton Resources mwaka 1999, na mgodi ukaanza kutoa dhahabu mwaka 2001. Bei ililipwa kwa kile kilichotarajiwa kuwa chini ya ardhi.

Yafaa kuikumbuka desturi hiyo ya kununua kisichoonekana wakati wa kuisoma habari ya kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, kwa sababu wengi huisimulia habari yake kana kwamba ni ya mtu mmoja aliyeshindwa, nayo kwa kweli ni habari ya bei.

Katika mpira wa kikapu wa kulipwa wa Marekani, vijana hawajiungi na timu waitakayo. Tangu 1947 timu huwachagua kwa zamu, na kwa kawaida zilizo dhaifu hutangulia. Zamu yenyewe ni mali. Yaweza kuuzwa mwaka huu, au miaka mitatu kabla, wakati kijana atakayechaguliwa yungali shuleni na hakuna ajuaye jina lake. Hicho ni kiroba ambacho hata duara lake halijachimbwa. Muuzaji mwangalifu huiwekea kinga: zamu ikiangukia miongoni mwa za mwanzo, hubaki kwake. Na kwa kuwa mwenye njaa huuza hata mbegu, chama cha timu kililazimika kuweka sheria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ted Stepien, mmiliki wa timu ya Cleveland, aliuza zamu zake za kwanza mfululizo hata ikakatazwa timu kujiacha bila zamu ya kwanza kwa miaka miwili ijayo inayofuatana. Sheria ile hadi leo hujulikana kwa jina lake, sifa ambayo hapana shaka asingeitamani.

Thabeet alizaliwa mwaka 1987, akasoma Makongo, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006. Alikuwa na kimo cha futi 7 na inchi 3, na miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, alipewa tuzo ya mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East. Juni 2009 timu ya Memphis ilimchagua wa pili. Wa kwanza alikuwa Blake Griffin. Wa tatu, James Harden. Wa saba, Stephen Curry. Mfululizo huo wa majina ndio uliomtesa tangu hapo, maana kila msomaji hupima kosa la Memphis kwa dhahabu iliyokwisha kuonekana.

Lakini Memphis ilikuwa tayari na mtu wa katikati, Marc Gasol, ambaye mwaka 2007 alichaguliwa na Los Angeles Lakers katika zamu ya 48, akaletwa Memphis mwaka 2008 kama nyongeza katika biashara ya kumuuza kaka yake, Pau. Hivyo zamu ya 48, isiyotazamwa na mtu, ilikaa kitini. Zamu ya 2 ikangoja benchini. Februari 2010 Thabeet alipelekwa ligi ndogo ya mafunzo. Kijana aliyeanza mchezo akiwa amekwisha kuwa barobaro alihitaji muda, na muda ndio uliokosekana.

Februari 2011 Memphis ilimpeleka Houston, pamoja na DeMarre Carroll na zamu ya kwanza yenye kinga, ikapata Shane Battier na Ish Smith. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Battier alikuwa wa Memphis tangu 2001. Mwaka 2006 timu ile ile ilimtoa kwa Houston, pamoja na mambo mengine, ili impate Rudy Gay, kijana aliyetoka tu kuchaguliwa. Miaka mitano baadaye ilitoa ahadi ili kumrudisha yule yule aliyetolewa kwa ajili ya ahadi. Battier hakuwa amebadilika sana, ila umri umemzidi. Kilichobadilika ni haja ya Memphis: mwaka 2006 ilinunua kesho, mwaka 2011 ilitaka leo. Nayo iliipata, kwani Aprili 2011, huko San Antonio, mtupo wa Battier wa pointi tatu katika sekunde za mwisho uliipatia Memphis ushindi wake wa kwanza kabisa katika michezo ya mtoano, nayo ikawatoa San Antonio waliokuwa wameongoza kanda yao.

Machi 2012 Houston nayo ilimtoa Thabeet, pamoja na Jonny Flynn na zamu ya pili, ili kumpata Marcus Camby wa Portland, mzee wa miaka 37. Geita mchanga uliokwisha kuoshwa huitwa marudio, nao pia huuzwa, kwa kuwa mwenye dawa na subira huweza kupata dhahabu aliyoiacha wa kwanza. Mwaka huo huo timu ya Oklahoma City ilimpa Thabeet mkataba, na msimu wa kwanza alicheza michezo 66, karibu sawa na jumla ya misimu miwili iliyotangulia.

Oktoba 2012, miezi michache baada ya Thabeet kufika, Oklahoma City ilimuuza Harden, yule wa tatu wa 2009, kwa Houston. Miongoni mwa vilivyolipwa ilikuwa zamu ya kwanza iliyotoka Toronto. Mwaka 2013 zamu hiyo, ya 12, ilimchagua Steven Adams wa Nyuzilandi, naye mchezaji wa katikati. Kiroba kilichopokewa bila kufunguliwa kikawa mtu, na mtu yule akahitaji nafasi ile ile. Msimu uliofuata Thabeet alicheza michezo 23. Agosti 2014 alipelekwa Philadelphia, ambako aliachwa baada ya siku chache bila kucheza hata mchezo mmoja, akiwa na umri wa miaka 27.