Bei ya Tani Moja: Itifaki ya Kyoto na Soko Lililozaliwa Nayo

Mwaka 1992 viongozi wa dunia walikutana Rio de Janeiro, na huko ukatiwa saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi. Mkataba huo ulikiri kwamba gesi joto zinaongezeka angani na kwamba nchi tajiri ndizo zinazopaswa kutangulia kuzipunguza, lakini haukumfunga yeyote kwa kiwango cha lazima. Sababu yake ilikuwa katika asili ya tatizo lenyewe. Tani moja ya hewa ukaa ina athari ileile, iwe imetoka Mombasa au Manchester, kwa hiyo anayeipunguza hubeba gharama peke yake, na faida humwendea kila mtu. Kila serikali ilikuwa na sababu ya kumngoja mwenzake.

Miaka mitatu baadaye, Berlin, kikao cha kwanza cha nchi wanachama kiliongozwa na waziri wa mazingira wa Ujerumani, Angela Merkel. Kikao hicho kiliamua kwamba yaandaliwe makubaliano yenye viwango vya lazima, na kwamba viwango hivyo viziguse nchi zilizoendelea pekee. Nchi zinazoendelea ziliona huo ni uadilifu wa kawaida, kwa kuwa gesi zilizokwisha kurundikana angani zilitokana zaidi na karne mbili za viwanda vya wengine. Washington mambo yalionekana vingine. Julai 1997 Baraza la Seneti la Marekani lilipiga kura 95 kwa 0 kusema kwamba lisingekubali mapatano yoyote ambayo yangeudhuru uchumi wa nchi hiyo au kuziacha nchi zinazoendelea bila wajibu. Kwa hiyo wajumbe walipowasili Kyoto Desemba ya mwaka huohuo, mgogoro ulikuwa umeshajengeka. Kundi la 77 na China, yaani umoja wa nchi zinazoendelea, liliongozwa na Profesa Mark Mwandosya wa Tanzania, na msimamo wake ulikuwa kwamba wajibu mpya usibebeshwe nchi ambazo watu wake bado hawana umeme wa kutosha.

Itifaki iliyopitishwa tarehe 11 Desemba 1997 ilizitaka nchi zilizoendelea zipunguze gesi zao, kwa wastani, hadi asilimia 5.2 chini ya kiwango cha 1990, katika kipindi cha 2008 hadi 2012. Umoja wa Ulaya ulipewa asilimia 8, Marekani 7 na Japani 6. Urusi iliruhusiwa kubaki ilipokuwa mwaka 1990. Jambo lililokuja kuamua historia ya itifaki hii, hata hivyo, halikuwa viwango hivyo bali njia iliyowekwa ya kuvitimiza: soko.

Wazo la soko lilitoka Marekani. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1990 ilikuwa imeweka kikomo cha salfa inayotoka katika mitambo ya umeme, kisha ikaruhusu mitambo iuziane vibali. Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa kiwanda kimoja kinaweza kupunguza tani kwa shilingi 10,000 na kingine kwa 100,000, ni afadhali cha kwanza kipunguze tani mbili na cha pili kimlipe mwenzake, kwa maana hewa itakuwa safi kiasi kilekile na gharama itakuwa ndogo mno. Mpango wa salfa ulifanikiwa kwa bei iliyokuwa chini kuliko ilivyotabiriwa, na Wamarekani walikwenda Kyoto wakiamini kwamba hewa ukaa nayo ingewezekana hivyo. Nchi nyingi za Ulaya zilisita. Mlango mwingine ulifunguliwa na Brazili, iliyokuwa imependekeza kwamba nchi tajiri zinazovunja ahadi zitozwe faini, na fedha hizo ziingie katika mfuko wa maendeleo safi. Ndani ya majadiliano faini iligeuka biashara: nchi tajiri ingegharamia upunguzaji katika nchi maskini na kujihesabia vyeti vyake. Huo ndio ukawa Utaratibu wa Maendeleo Safi.

Je, yote hayo yangegharimu kiasi gani? Mwaka 1998 asasi mbili za serikali moja, ya Marekani, zilitoa majibu yaliyotofautiana kama usiku na mchana. Washauri wa uchumi wa Rais Clinton, wakiongozwa na Janet Yellen, walikadiria bei ya kibali kuwa kati ya dola 14 na 23 kwa tani ya kaboni. Idara ya takwimu za nishati ilisema inaweza kufika dola 348. Wengi walidhani upande mmoja unadanganya. Tofauti kubwa ilitokana na dhana moja tu, nayo ni kiasi ambacho Marekani ingeruhusiwa kununua vibali kutoka nje. Aliyetarajia soko pana la dunia alipata bei ndogo, na aliyetarajia kila tani ipunguzwe nyumbani alipata bei kubwa. Wapinzani waliitangaza namba ya juu, watetezi wakaitangaza ya chini, na swali la vibali hivyo vya nje vingekuwa vya aina gani halikuulizwa kwa uzito uliostahili.

Machi 2001 Rais George W. Bush aliikataa itifaki, akitaja gharama zake na kutohusishwa kwa China na India. Ili itifaki ianze kufanya kazi, ilipaswa iridhiwe na nchi 55, zikiwemo nchi zilizoendelea zenye asilimia 55 ya hewa ukaa ya kundi lao. Bila Marekani, Urusi ndiyo iliyoshika ufunguo. Uchumi wake ulikuwa umeporomoka baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, kwa hiyo gesi zake zilikuwa chini sana ya kiwango cha 1990, na ziada hiyo ingeweza kuuzwa ingawa hakuna aliyetoa jasho kuipata. Urusi iliridhia Novemba 2004, na tarehe 16 Februari 2005 itifaki ikawa sheria.

Ulaya, iliyosita Kyoto, sasa ndiyo iliyojenga soko kubwa kuliko yote. Kuanzia Januari 2005 zaidi ya viwanda na mitambo 10,000 ilihitaji kibali kwa kila tani. Serikali, zikiogopa kuumiza viwanda vyao, zilivigawa vibali bure, na zilivigawa vingi kupita kiasi. Aprili 2006 hesabu za kwanza zilipotolewa, bei iliyokuwa karibu euro 30 ilianguka hadi karibu nusu kwa siku chache, na kufikia mwisho wa 2007 kibali kilikuwa cha senti. Wakati huohuo kampuni za umeme ziliwatoza wateja thamani ya vibali ambavyo zenyewe hazikuvinunua. Mtu wa kawaida alilipa gharama ya sera kabla sera haijaleta matokeo.

Lakini somo zito zaidi lilitoka katika viwanda vya kemikali vya China na India. Gesi ya HCFC-22 hutumika katika majokofu na viyoyozi, na inapotengenezwa hutoka pamoja na gesi nyingine isiyotakiwa, HFC-23. Kwa hesabu za wakati ule, tani moja ya HFC-23 ilikuwa na nguvu ya kupasha joto sawa na tani 11,700 za hewa ukaa. Kuichoma kunahitaji tanuri la bei ya kawaida. Chini ya Utaratibu wa Maendeleo Safi, kila tani iliyochomwa ilizaa vyeti 11,700, na cheti kikiuzwa hata kwa euro 10 tu, tani hiyo ililipa euro 117,000. Mwaka 2007 Michael Wara wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha katika jarida la Nature kwamba vyeti vya viwanda hivi vilitarajiwa kufikia thamani ya euro bilioni 4.7, ilhali kuzuia gesi yenyewe kungegharimu chini ya euro milioni 100. Wenye viwanda waliweza kupata karibu mara mbili kwa vyeti kuliko kwa kuuza bidhaa waliyoitengeneza.

Watetezi wa utaratibu huo walikuwa na hoja, na haifai kuzipuuza. Gesi ilichomwa kweli, na vipimo viliwekwa mahali ambapo hapakuwa navyo. China ilitoza mapato hayo kodi ya asilimia 65, na fedha zikaingia katika mfuko wa serikali wa shughuli za tabianchi. Hata hivyo uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba baadhi ya viwanda vilizalisha HFC-23 zaidi viliporuhusiwa kulipwa, na kidogo malipo yalipokosekana. Aidha HCFC-22 yenyewe inaharibu tabaka la ozoni, na Itifaki ya Montreal ya 1987 ilikuwa inaiondoa polepole. Mkataba mmoja ulikuwa unaneemesha viwanda ambavyo mwingine ulitaka vibadilike. Kwa maoni yangu hoja ya kupinga ina nguvu zaidi: fedha za walipaji wa Ulaya zilinunua kitu ambacho amri na ruzuku ndogo zingekipata.

Afrika ilipata miradi michache tu ya soko hilo, kama ule wa gesi ya dampo la Mtoni jijini Dar es Salaam na upanuzi wa jotoardhi huko Olkaria, Kenya. Cheti kililipia gesi iliyopunguzwa, na nchi isiyo na viwanda vingi haina kingi cha kupunguza. Kuzuia misitu ya asili isikatwe, jambo ambalo nchi zetu zingeweza kulifanya kwa wingi, hakukukubaliwa katika utaratibu huo. Ulaya ilipofunga mlango kwa vyeti vya HFC-23 mwaka 2013, bei ya vyeti vya aina zote ilikuwa imeshashuka chini ya euro moja.

Kipindi cha kwanza kilipokwisha mwaka 2012, nchi zote 36 zilizoshiriki hadi mwisho zilihesabiwa kuwa zimetimiza ahadi, tisa kati yao kwa msaada wa vibali vya kununua. Kanada ilikuwa imejitoa. Duniani kote hewa ukaa ya mafuta, gesi na makaa ilikuwa imeongezeka kwa zaidi ya nusu tangu 1990. Wapo wanaosema hiyo ni dalili kwamba itifaki haikufaa kitu. Wengine husema ilitimiza ilichoahidi, ila iliahidi kidogo na kwa wachache. Wa tatu hukumbusha kwamba kuporomoka kwa uchumi wa Kisovieti na msukosuko wa fedha wa 2008 vilifanya sehemu kubwa ya kazi. Maelezo ya pili na ya tatu yanakubaliana na ushahidi, na ya kwanza yanasahau Ulaya. Soko lile lililoanza vibaya lilirekebishwa: vibali vingi vilianza kupigwa mnada, ziada ikawekwa akibani kuanzia 2019, na Februari 2023 bei ilivuka euro 100. Mwaka huo gesi za sekta zilizo ndani ya soko zilikuwa karibu asilimia 47 chini ya kiwango cha 2005, ingawa ruzuku za umeme wa upepo na jua nazo zina mchango mkubwa katika upungufu huo.

Suala la HFC-23 lilipata njia nyingine Oktoba 2016, jijini Kigali. Marekebisho ya Itifaki ya Montreal yaliyopitishwa huko yaliwataka watengenezaji waiharibu gesi hiyo kadiri inavyowezekana kuanzia 2020, na India ikaviagiza viwanda vyake vifanye hivyo kwa gharama zao wenyewe. Katika Itifaki ya Montreal nchi inayoendelea hulipwa, kutoka mfuko wa pamoja, ile gharama ya ziada tu ya kubadili mtambo, wala si thamani ya gesi sokoni. Njia hii ni rahisi zaidi, lakini nayo hutegemea ukaguzi. Watafiti wanaopima hewa katika vituo vya mbali walitangaza mwaka 2020 kwamba HFC-23 iliyoingia angani mwaka 2018 ilikuwa nyingi kuliko mwaka wowote uliotangulia, wakati taarifa za nchi zilionyesha kwamba ilipaswa kuwa imekaribia kwisha. Tangu hapo imepungua kiasi, lakini vipimo vya angani bado viko juu ya taarifa za viwandani.