Habari za Wasaidizi wa Wauguzi, Mjini Nairobi na Mitaa ya Magharibi

Ni desturi katika taarifa ya mwaka kuwashukuru mwenyekiti, mweka hazina na wafadhili. Safari hii twaomba ruhusa ya wazee na wanachama tuseme habari za watu wasiotajwa sana vitabuni, nao ndio wanaomgeuza mgonjwa kitandani, wanaomwosha, wanaomlisha uji na kukesha naye.

Nairobi ulipokuwa mji mchanga, mwaka 1901, ilifunguliwa hospitali ya Waafrika iliyoitwa Native Civil Hospital, yenye vitanda 40. Madaktari walikuwa wachache mno, hivyo sehemu kubwa ya kazi ya kila siku iliwaangukia wasaidizi Waafrika, ambao watu waliwaita madresa. Dresa alifunga vidonda, akapima homa, tena akawa mkalimani kati ya daktari na mgonjwa. Shule ya utabibu ya serikali ilianza mwaka 1927, nayo ndiyo leo KMTC; kabla ya hapo wengi walijifunza kazi kwa kutazama na kuamriwa.

Vita ya 1914 hadi 1918 iliwajaribu sana watu hawa. Wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao limebaki katika mtaa wa Kariokor, walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Mwaka 1917 Daktari John Arthur wa misheni ya Waskoti huko Kikuyu, magharibi ya Nairobi, aliongoza kikosi cha wapagazi wa misheni, na vijana waliofundishwa kuuguza walikuwamo. Katika barabara ya Kenyatta, katikati ya mji, zimesimama sanamu tatu za ukumbusho wa vita ile. Mpagazi yumo, na askari wamo. Dresa hayumo.

Hospitali ile ya vitanda 40 ilikua, mwaka 1952 ikapewa jina la King George VI, na baada ya uhuru ikaitwa Kenyatta. Lakini hospitali haikuweza kuwabeba wote. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Kenya alitambuliwa mwaka 1984, na serikali ilipoutangaza ugonjwa huo kuwa janga la taifa mwaka 1999, vitanda vilikuwa vimekwisha kujaa, na wagonjwa walirudishwa nyumbani. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa mwaka 1990 katika kiwanja cha Hospitali ya Kenyatta, iliwafuata wagonjwa wasioweza kupona hadi majumbani mwao. Kule Kangemi mradi wa Lea Toto uliwahudumia watoto wenye virusi katika nyumba za wazazi na bibi zao.

Hapo ndipo kazi ya uuguzi ilipohama wodi, ila kinga ya wodi haikuhama pamoja nayo. Hospitalini kuna maji ya bomba, glovu, sanduku la sindano zilizotumika, na mwenzako wa kushika upande wa pili mgonjwa anapoinuliwa. Katika chumba kimoja cha mabati Kawangware kuna mtungi wa maji ya kununua, dirisha dogo lisilofunguka, na mtu mmoja wa kumwinua mzee aliyepooza. Mgongo huumia kwanza. Kisha huja kifua kikuu, kwa kukaa siku kutwa katika hewa isiyotoka.

Wengine huvuka kwa miguu kutoka Kawangware kwenda Lavington, wakauguze wazee katika nyumba zenye bustani. Huko maji yapo, lakini hatari ni nyingine. Msaidizi hulala chumba kimoja na mgonjwa, huamshwa mara nne usiku, na asubuhi huambiwa afue nguo za watoto. Akitukanwa au akiguswa isivyopasa, geti limefungwa na shahidi hakuna.

Korona ilipoingia mwaka 2020, serikali yenyewe ilitoa mwongozo wa kuwauguza wagonjwa nyumbani. Tarehe 25 Septemba 2023, katika Uhuru Park, wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa na kupewa mikoba yenye kipimo cha homa, cha shinikizo la damu na cha sukari, pamoja na ahadi ya posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Twaipongeza hatua hiyo, ingawa shilingi hizo hazitoshi kodi ya chumba katika mitaa mingi. Nayo haimgusi msaidizi aliyeajiriwa na familia.

Huyo mwajiri wake ni sisi. Wanachama wengi tuna wazazi wanaouguzwa nyumbani, na sheria ya fidia kwa majeraha kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awakatie bima watu wake. Kwa hiyo halmashauri italeta mbele ya mkutano mkuu mambo haya: mapatano ya maandishi yenye saa za kazi na siku ya mapumziko, glovu na sabuni kwa gharama ya mwenye nyumba, mtu wa pili wa kusaidia kuinua mgonjwa mzito, nauli kwa anayetoka kazini baada ya magharibi, na mwanachama mmoja mama katika kila tawi, ambaye msaidizi aweza kumpelekea malalamiko bila kupitia kwa mwajiri. Matawi yaombwa kuyajadili kabla ya siku ya mkutano.