Wepesi wa Bia: Kati ya Mgomba na Shayiri

Kagunga ni kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, karibu na mpaka wa Burundi. Kwa miaka mingi bidhaa za dukani zimefika huko kwa boti kutoka Kigoma, na bia ya chupa ni mojawapo. Lakini vilima vya nyuma ya ziwa vina pombe yao, ile ya ndizi wanayoitengeneza Waha na majirani zao Warundi, watu ambao lugha zao zinasikilizana. Mila hizi mbili zote zina kinywaji kizito na kinywaji chepesi, ila kila moja hupata wepesi wake kwa njia yake.

Tuanze na shayiri. Nafaka hii huloweshwa ikaota, ikawa kimea, na vimeng'enya vya kimea hukata wanga kuwa sukari ambayo hamira huigeuza kileo. Kazi hiyo haiishii mwisho kabisa. Hubaki vipande vya wanga viitwavyo dekstrini, vikubwa mno kwa hamira kuvila, na ndivyo vinavyochangia uzito ambao mnywaji wa bia ya kawaida huusikia mdomoni. Mwaka 1967, mkemia Joseph Owades wa kampuni ya Rheingold ya New York aliongeza kimeng'enya kinachovikata vipande hivyo, hamira ikavimaliza. Bia hiyo, Gablinger's, haikupata soko. Wazo lake lilipita kwa kampuni ya Meister Brau, likanunuliwa na Miller mwaka 1972, na mwaka 1975 Miller Lite ikasambazwa Marekani nzima.

Sukari yote ikiliwa, kileo huongezeka. Kwa hiyo bia ya namna hii huzimuliwa kwa maji. Matokeo yanaonekana ukiwalinganisha ndugu wawili wa kiwanda kimoja. Budweiser ina kileo cha asilimia 5 na kalori zipatazo 145 katika kopo la mililita 355. Bud Light ina asilimia 4.2 na kalori 110. Kalori zimepungua kwa karibu robo, kileo kwa chini ya moja ya tano. Wamarekani walikuwa wanahesabu uzito wa mwili, na kipimo chao kinafuata hesabu hiyo.

Mgomba hauhitaji mkemia. Ndizi za pombe hukatwa zikiwa zimekomaa lakini mbichi, huvundikwa siku kadhaa kwenye shimo lililopashwa moto na kufunikwa majani ya migomba na udongo. Humo wanga karibu wote hugeuka sukari. Kazi ambayo shayiri huifanyia kwenye kimea, ndizi huimaliza kwa kuiva. Humenywa, hukamuliwa pamoja na nyasi mpaka maji yatoke, yakachujwa. Maji hayo matamu, ambayo Warundi huyaita umutobe, huweza kunywewa vivyo hivyo na asiyetumia kileo. Yakitiwa unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa yachachuke, huwa pombe.

Kwa kuwa hamira haiachi dekstrini nyingi nyuma, uzito wa pombe ya ndizi huamuliwa hasa na maji. Warundi wanatofautisha insongo, inayochachushwa bila kuzimuliwa, na urwarwa, iliyotiwa maji. Hapa anayeamua ni mtengenezaji, naye huangalia wingi wa ndizi na wingi wa wageni. Insongo hukaa vizuri mbele ya mtu wa heshima. Urwarwa hutosha watu wengi. Kampuni ya Marekani huuza wepesi kwa mtu mmoja na kiuno chake, ilhali kilimani wepesi hugawiwa kwa kundi zima. Hakuna aliye duni kati yao: mmoja anajali afya, mwingine anajali kwamba hakuna atakayeondoka na kiu.

Uingereza ya zamani iko karibu zaidi na mgomba kuliko na Marekani. Watengenezaji wake walimwagia kimea maji ya moto, wakavuta bia kali, kisha wakamwagia machicha yale yale maji mengine, wakapata bia dhaifu iliyonywewa kila siku na watumishi, na hata watoto. Mkamuaji wa ndizi naye huongeza maji kwenye nyasi na machicha akakamua mara ya pili. Tofauti ni kwamba Mwingereza aliweka mikamuo miwili kwenye mapipa mawili kwa watu wa daraja mbili, ilhali kwenye urwarwa mkamuo wa pili wa ndizi aghalabu huchanganywa na wa kwanza, wanywaji wake wote wakanywa kitu kimoja.

Australia ilichukua njia ya nne. Huko bia nyepesi huwa na kileo kidogo kweli, mara nyingi asilimia 2.7, na imesukumwa na kodi nafuu pamoja na upimaji wa ghafla wa madereva barabarani, ambao New South Wales iliuanza mwaka 1982. Marekani ilipunguza kilo, Australia ikapunguza ajali.

Baa za Tanzania zimepokea njia ya Marekani. Castle Lite ina kileo cha asilimia 4, Safari Lager asilimia 5.5. Wengi huamini kwamba bia nyepesi hailevi. Tupige hesabu: nusu lita ya Safari ina mililita 27.5 za kileo, nusu lita ya Castle Lite ina mililita 20. Nusu lita tatu za kwanza ni mililita 82.5, nusu lita nne za pili ni mililita 80, karibu sawa.

Kwa hiyo kabla ya kuagiza kilicho chepesi, uliza kimepunguzwa nini: maji yameongezwa, wanga umeliwa, au kileo chenyewe kimeshushwa. Mtengenezaji wa urwarwa atakujibu bila kuficha, kwa sababu maji aliyatia mwenyewe. Kwenye chupa, jibu ni asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, nayo ndiyo ya kusomwa kabla ya jina.