Kupotea Nako Kuna Daftari

Nilikuwa karani jeshini. Wenzangu wakikutana husimulia lindo na mazoezi. Mimi nina cha kusimulia kimoja tu, nacho ni orodha. Kila asubuhi kombania huhesabiwa, na hesabu isipotimia karani ndiye wa kwanza kuulizwa. Asiyekuwepo ana mahali pa kuandikwa: mgonjwa, yuko likizo, yuko kazi maalumu, kizuizini, mtoro. Vitani huongezeka mengine: ameuawa, amejeruhiwa, ametekwa. Na lipo lile linalomkosesha karani usingizi: hajulikani alipo.

Huyo wa mwisho hakisiwi. Unaandika alionekana lini mara ya mwisho, wapi, pamoja na nani, akiwa na silaha gani. Wenzake wanahojiwa, hospitali zinaulizwa, na kwa njia ya Msalaba Mwekundu hata adui anaulizwa kama anaye. Familia inaambiwa yale yanayojulikana, basi. Muda ukipita bila habari, wakubwa ndio wanaoamua kumhesabu kuwa amekufa, na hapo mjane anaweza kudai haki yake. Hata kwa raia, sheria yetu ya ushahidi hapa Tanzania imeweka kipimo: miaka 5 bila wale ambao wangepaswa kusikia habari zake kuzisikia.

Sasa nimestaafu, ninaishi Galula, katika bonde la mto Songwe, kabla haujamwaga maji yake Ziwa Rukwa. Watu huijua Galula kwa misheni yake ya zamani, na kwa njia ya kuelekea Mkwajuni na machimbo ya dhahabu. Wachache wanajua kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa hapa hapa.

Mei 1916 majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na kabla mwezi haujaisha yalikuwa yameshika Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Wajerumani wakarudi nyuma. Lakini Februari 1917 Kapteni Max Wintgens alijitenga na wenzake akiwa na askari wapatao 500, akageukia upande huu wa Rukwa. Machi alikuwa kwenye misheni ya Mapadre Weupe iliyoitwa St. Moritz, ndiyo Galula yetu. Kikosi cha Waingereza cha Rhodesia Native Regiment chini ya Tomlinson kilimfuata, na badala ya kumzingira kikazingirwa chenyewe, mpaka safu nyingine ya Kiingereza, ya Murray, ilipofika kukiokoa. Wintgens akaponyoka kuelekea kaskazini, upande wa Tabora. Mei akiwa mgonjwa wa homa kali alijisalimisha kwa Wabelgiji, na mwenzake Naumann akaendelea kukimbizana na Waingereza mpaka Oktoba.

Hayo yote yako vitabuni, tena kwa majina ya maofisa. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nilitaka orodha. Nani walibeba risasi, mahema na posho za majeshi yale mawili?

Maana katika nchi hii ya mbung'o farasi na nyumbu walikufa upesi, na magari hayakuwa na barabara. Kila kilicholiwa na kila kilichofyatuliwa kilifika mbele kwa kichwa cha mtu. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wapatao milioni 1 katika vita vya Afrika Mashariki. Watafiti wanakadiria kwamba karibu 95,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. Wajerumani nao waliwakamata watu vijijini kadiri walivyopita. Safu inayokimbia haina muda wa kufungua daftari.

Katika ukoo wetu yupo mmoja wa hao. Ni kaka wa babu wa baba yangu. Alitwikwa mzigo, akaondoka na safu, hakurudi. Hatujui hata alibeba wa jeshi gani, kwa sababu yote mawili yalipita hapa. Nilipomuuliza shangazi yangu mkubwa, alinijibu, "Mwanangu, sisi tuliambiwa alitoroka. Sasa mtu ametoroka, mbona hakuja kwao?"

Swali la shangazi ni swali la karani. Mpagazi asipoonekana jioni kwenye kuhesabiwa, huenda ameanguka njiani, huenda yuko hospitali ya kambi nyingine, huenda kweli amekimbia. Kwa ofisa mwenye haraka, neno jepesi kuliko yote lilikuwa mtoro. Halidai uchunguzi, halidai barua, halidai fidia. Tofauti ya mtoro na aliyepotea si ya adabu tu, bali ni ya fedha. Aliyepotea mshahara wake una mwenyewe, mtoro amejifutia.

Na hata walioandikwa vizuri fedha zao hazikufika zote. Chini ya Oscar Watkins idara ya wapagazi ilijitahidi kuwapa watu namba na kutunza kumbukumbu zao, lakini baada ya vita mishahara mingi ya waliokufa ilibaki bila warithi waliopatikana. Miaka ya 1920 zilitolewa hoja Kenya kwamba fedha hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika. London ikakataa.

Linganisha na Ulaya. Huko askari wa kawaida wa Kiingereza akipotea, familia yake ilipelekewa fomu maalumu, na Msalaba Mwekundu ulikuwa na ofisi nzima ya kuwahoji majeruhi kuhusu wenzao. Asiyepatikana kaburi alichongwa jina. Mwaka 1927 lilizinduliwa lango la Menin kule Ypres, Ubelgiji, likiwa na majina zaidi ya 54,000 ya wasiojulikana walipolala. Mwaka huo huo Dar es Salaam ilizinduliwa Sanamu ya Askari. Ina maneno ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu ya kuwasifu askari na wapagazi. Haina jina hata moja.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hayo Aprili 2021: watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Wapo wanaosema zamani zile kuandika Waafrika kulishindikana. Miaka 27 baadaye ilionekana kwamba kunawezekana. Februari 12, 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Ceylon, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Walikufa watu karibu 1,300, miongoni mwao mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Bahari haikurudisha miili, lakini kila mmoja alikuwa na namba na jina kabla ya kupanda meli. Ndiyo maana leo majina yao yako kwenye mnara wa makaburi ya vita, Nairobi. Na Desemba 2017, kambi ya wanajeshi wetu wa kulinda amani ilipovamiwa Semuliki, Kongo, taarifa iliweza kutenganisha: 15 wameuawa, zaidi ya 40 wamejeruhiwa, mmoja hajulikani alipo. Huyo mmoja alihesabika kwa sababu aliandikwa alipoondoka.

Ndilo nililojifunza katika kazi yangu: hawezi kutafutwa mtu ambaye hakuwahi kuandikwa. Wapagazi wa Galula walipotezwa siku walipotwikwa mizigo, kabla risasi haijalia.

Kazi iliyobaki ni ya kuandika kinyumenyume. Mapadre Weupe walikuwa na kanuni ya kila kituo kutunza shajara, na misheni hutunza vitabu vya ubatizo na vya mazishi. Koo nazo zina majina ambayo wazee wanayataja wanapogawa urithi. Nimeanza daftari, na kila ukoo unaokuja naandika jina, baba yake, kijiji, na aliondoka akibeba nini kama inajulikana. Kwenye safu ya mwisho, ile ya hali yake, wa kwetu nimemwandika kama alivyostahili kuandikwa mwaka 1917: hajulikani alipo. Shangazi amesaini kuwa shahidi, kwa dole gumba.