Herufi Moja Iliyompoteza Golikipa

Nasema nanyi dada zangu, na hasa nyinyi mabibi harusi watarajiwa mnaopita hapa kutafuta mitindo ya shela na mapambo ya hina. Leo naweka sindano pembeni. Nataka tuzungumze historia, tena historia ya mpira wa miguu. Tafadhali msinikimbie. Habari yenyewe ni ya jina la mtu, na jina ni jambo linalotugusa sote, kuanzia siku ya akika mpaka siku ya kugawa mirathi.

Wengi mnajua kwamba biashara yangu iko huku bara, Arusha, chini ya Mlima Meru. Nashona nguo za harusi, na msimu wa mashindano ya mitaani nashona jezi pia. Vijana wakija kupima hubishana kuhusu magolikipa wa zamani mpaka cherehani haisikiki. Katika mabishano hayo ndipo nilipoanza kumfuatilia golikipa mmoja wa miaka zaidi ya mia iliyopita, Leigh Richmond Roose wa Wales. Nimejifunza kwake somo ambalo kila mwanamke anayeingia kwenye ndoa angepaswa kulijua.

Alikuwa nani huyu Roose?

Nianze na yaliyo imara. Alizaliwa tarehe 27 Novemba 1877 huko Holt, kijiji kilicho karibu na mji wa Wrexham, kaskazini mwa Wales. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Alisoma Aberystwyth, mji wa pwani, na huko ndiko alikoanza kujulikana langoni. Baadaye alidaka katika timu kubwa za Uingereza, zikiwemo Stoke, Everton na Sunderland. Timu ya taifa ya Wales aliichezea mara 24 kati ya 1900 na 1911, na mwaka 1907 alikuwa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa mataifa ya visiwa vile, mara ya kwanza kwa Wales.

Muda wote huo alikuwa mchezaji wa ridhaa. Maana yake hakuwa na mshahara wa mpira. Alirudishiwa nauli na gharama zake tu.

Enzi zile sheria ilimruhusu golikipa kushika mpira kwa mkono popote ndani ya nusu ya uwanja wa timu yake. Roose aliitumia ruhusa hiyo vizuri. Aliudunda mpira mpaka karibu na mstari wa kati, halafu ndipo akaupiga mbele. Mwaka 1912 sheria ikabadilishwa, golikipa asishike mpira nje ya eneo la penalti. Watu wengi husema ilibadilishwa kwa sababu yake. Kubadilika kwa sheria mwaka 1912 ni jambo lililoandikwa. Kusema kwamba yeye ndiye sababu ni maelezo ya watu. Hivyo ni vitambaa viwili tofauti, hata kama rangi zinafanana.

Habari zake nimezipanga mafungu

Fundi akipokea mzigo wa vitambaa huvitenga kwanza: pamba huku, hariri kule, vya kuchanganya peke yake. Habari za mtu aliyekwisha kufa nazo zinataka kutengwa hivyo hivyo.

Fungu la kwanza ni cheo. Watu walizoea kumwita Roose daktari, na ukisoma juu juu utaamini. Ukweli ni kwamba alikwenda kusomea udaktari katika hospitali ya King's College, London, lakini hakuhitimu. Kusoma ni kitu kimoja na kuhitimu ni kingine. Mabibi harusi, mmenielewa. Mchumba akitajwa kuwa "injinia" au "mwanasheria", si dhambi wazazi kuuliza kwa adabu amesoma wapi na amemaliza lini.

Fungu la pili ni visa vitamu. Inasimuliwa kwamba mhasibu wa Sunderland alimtaka aorodheshe gharama zake moja moja, naye kwa kejeli akaandika bei ya bastola ya kuwafukuzia washambuliaji na senti za kwenda chooni. Inasimuliwa pia kwamba chini ya jezi alivaa fulana yake kuukuu ya Aberystwyth, nyeusi na kijani, ambayo hakutaka ifuliwe kwa kuamini kwamba inamletea bahati. Mimi kama fundi kisa cha fulana kimenichekesha sana. Lakini kisa kikiwa kitamu mno kinahitaji jicho kali zaidi, kwa sababu kila msimuliaji hukitia chumvi kidogo kabla ya kumpa mwenzake.

Fungu la tatu ni yale ambayo mtu aliyapanga mwenyewe. Mwaka 1909 Wales ilikwenda Belfast kucheza na Ireland. Roose alifika mkono umefungwa bendeji, akidai vidole vimevunjika. Habari ikasambaa, wapiga picha wakajazana nyuma ya goli lake kusubiri aadhirike. Kumbe mkono ulikuwa mzima na alidaka kama kawaida. Kwa hiyo hata gazeti la siku ile ile linaweza kubeba uongo, mwandishi akiwa amedanganywa na mwenye habari.

Vita, na herufi iliyobadilika

Mwaka 1914 vita vya kwanza vya dunia vikaanza. Roose akajiunga na kikosi cha matabibu cha jeshi la Uingereza, akafika mpaka Gallipoli, Uturuki, ambako watu wengi walikufa. Baadaye akahamia kikosi cha askari wa miguu kiitwacho Royal Fusiliers, akapewa nishani ya ushujaa, na tarehe 7 Oktoba 1916 akauawa katika mapigano ya Somme, Ufaransa. Mwili wake haukupatikana.

Waliokufa kule bila kaburi lijulikanalo waliandikwa kwenye mnara mkubwa wa Thiepval, wenye majina zaidi ya 72,000. Na yeye aliandikwa, ila si Roose. Aliandikwa Rouse. Herufi moja tu, "o" ikawa "u".

Hebu fikirini. Mtu aliyeshangiliwa na maelfu ya watazamaji, aliyepigwa picha na magazeti, anatafutwa na jamaa zake kwa jina la Roose na haonekani. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba alipotelea Gallipoli, yaani nchi nyingine na mwaka mwingine. Mwandishi Spencer Vignes alipotoa kitabu juu yake mwaka 2007, ilikuwa imepita miaka tisini tangu afe.

Jina likikataa kufunguka, mtafutaji hushika mambo yanayolizunguka: namba ya askari, kikosi, cheo, tarehe ya kufa, majina ya wazazi. Mambo hayo yakikubaliana yote, herufi moja haiwezi kukuzuia. Yakipingana, hata jina likifanana kabisa, huyo si mtu wako.

Vita vile vilipita hapa kwetu

Msidhani ni habari za mbali. Novemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Longido, kaskazini ya Arusha. Machi 1916, miezi michache kabla Roose hajafa, jeshi la Waingereza liliuteka mji wa Arusha. Ile boma ya Wajerumani, ambayo leo ni makumbusho ya elimu ya viumbe hapa mjini, ilikamilika mwaka 1900 na ilikwisha kuona mengi kabla ya hapo.

Majeshi yale yalitembea kwa migongo ya wapagazi. Babu zetu wa bara na wa pwani walibeba risasi, unga na majeruhi, wengine wakafa kwa njaa, kuhara na malaria. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi hao. Sanamu ya Askari iliyowekwa mjini humo mwaka 1927 ina maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Inawasifu askari na wapagazi kwa jumla yao, bila kumtaja hata mmoja kwa jina.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ya kukiri jambo hilo. Ilisema watu wasiopungua 116,000 waliofia jeshi la Uingereza katika vita ile, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika na Mashariki ya Kati.

Hapo ndipo moyo wangu ulipouma. Roose alipotezwa na herufi moja, na bado akapatikana kwa sababu herufi nyingine zilikuwepo. Wapagazi wetu hawakuandikiwa hata hiyo moja. Kilichobaki juu yao ni masimulizi ya bibi zetu, na bibi zetu wanaondoka kila mwaka.

Dini yetu imetangulia

Dada zangu, sisi hatupaswi kuwa nyuma katika jambo hili. Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuihakikisha habari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Surat Al-Ahzab, aya ya 5, inatuamrisha watu waitwe kwa majina ya baba zao. Wanazuoni wa hadithi walijenga elimu nzima ya kuwachunguza wapokezi: fulani alizaliwa lini, aliishi mji gani, je, alikutana kweli na yule anayedai kusikia kutoka kwake? Hawakuridhika na "nimesikia watu wanasema".

Basi tuanzie nyumbani. Kwenye kadi za harusi na kanga za zawadi ninazotarizi, bibi harusi mmoja huniletea jina lake kwa namna mbili: Khadija kwenye karatasi, Hadija kwenye simu. Baba ni Saleh leo, kesho ni Swaleh. Kwenye kanga haina madhara. Kwenye cheti cha ndoa ina madhara makubwa, kwa sababu siku ukiomba pasipoti ya kwenda Hija, au siku mume akitangulia mbele ya haki na mirathi ikafunguliwa, wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha kwamba Khadija na Hadija ni mtu mmoja.

Mambo ya kufanya kabla ya harusi

1. Kabla hujatia sahihi, soma cheti cha ndoa herufi kwa herufi, jina lako, la baba yako na la mume, ukilinganisha na kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa. Mwombe shehe asubiri. Hakuna shehe mwema atakayekasirika.

2. Kaa na bibi au shangazi, uandike majina kamili ya wazee, pamoja na majina ya utani na ya kazini. Babu mmoja anaweza kuwa Juma msikitini na Fundi Mwashi bandarini.

3. Bibi akiwa hakumbuki mwaka, mpe matukio. Visiwani muulize kama ilikuwa kabla au baada ya Mapinduzi ya 1964. Huku Meru wazee hukumbuka mwaka 1951, Wameru walipofukuzwa kwenye ardhi yao Ngarenanyuki, na mwaka uliofuata Japhet Kirilo alipokwenda Umoja wa Mataifa kuwasemea. Tukio linalojulikana ni kama pini: linashikilia kitambaa mpaka uzi upite.

4. Kando ya kila habari andika nani amekwambia, na yeye alijuaje. Alikuwepo, au alisikia?

5. Ukikuta pengo, liache pengo. Ukilijaza kwa kukisia, mjukuu wako atalisoma kama ukweli.

Daftari la shilingi chache linatosha. Linunue pamoja na udi na vitambaa vya harusi, na ukurasa wa kwanza andika jina la nyanya yake mama yako, kama bado yupo anayelijua. Ukichelewa, hutakuwa na wa kumuuliza.

Allah awarehemu wote waliokwenda bila majina yao kuandikwa, kwani Yeye hakuna jina linalompotea. Na nyinyi mnaoolewa mwezi huu, Allah awabariki, awape ndoa zenye utulivu na kizazi chema kitakachojua kilikotoka. Amin.